Jinsi Jua na Tumbaku Vinavyoizeesha Ngozi

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea na makala haya, tafadhali fanya jambo moja dogo. Pandisha mkono wa shati au gauni lako hadi karibu na bega, inua mkono, na uitazame ngozi ya upande wa ndani, ile iliyo jirani na kwapa. Kisha ulete mbele ya macho upande wa juu wa kiganja cha mkono huohuo. Ngozi hizo mbili zina umri mmoja. Zimelishwa chakula kimoja, zimeugua malaria pamoja, zimeoga maji yaleyale. Hata hivyo ile ya karibu na kwapa ni laini, rangi yake ni sawasawa, na ukiifinya na kuiachia hurudi mahali pake mara moja. Ya kiganja ina mistari na madoa, na kwa aliyevuka miaka 50 hukawia kidogo kurudi.

Miaka peke yake haiwezi kuleta tofauti hiyo, kwa kuwa imepita sawasawa juu ya zote mbili. Kilichozitenganisha ni jua. Na kama msomaji ni mvutaji wa sigara, basi yupo mshirika wa pili, moshi wa tumbaku, ambao haujali palipo wazi wala palipofunikwa, maana wenyewe huingia ndani na kusafiri kwa njia ya damu.

Tumeona yafaa kueleza namna wawili hawa wanavyofanya kazi hiyo, kwa sababu katika wilaya yetu watu wengi hushinda juani, na wengi hudhani kwamba habari za makunyanzi ni za warembo wa mjini, hazimhusu mkulima wala mvuvi. Zinamhusu. Jeraha lilelile linalomzeesha mtu uso kabla ya wakati ndilo, likiachwa liendelee, linaloweza kuzaa saratani ya ngozi na ya mdomo. Saratani hizo ni miongoni mwa zile zinazotibika vizuri zikiwahiwa, na mara nyingi haziwahiwi, kwa kuwa huanza kama kidonda kidogo kisichouma.

Fito na mpira

Ngozi ina matabaka mawili makuu. La juu ni jembamba mno. Katika sehemu nyingi za mwili halizidi sana unene wa karatasi. Seli zake huzaliwa chini, hupanda polepole kwa muda wa takriban mwezi mmoja, hufa na kupukutika. Sehemu kubwa ya nongo tunayoisugua bafuni ni seli hizo. Tabaka la chini ndilo linaloipa ngozi unene na nguvu. Ndani yake zimo nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizopangwa na kufungamana kama fito katika ukuta wa nyumba ya udongo. Pamoja nazo zimo nyuzi za elastini, ambazo huvutika na kurudi kama mpira wa manati. Fito hushikilia, mpira hurejesha, na katikati hupita mishipa midogo ya damu inayoleta hewa safi na chakula.

Umri nao huchukua sehemu yake. Tangu ujana, kolajeni hupungua kwa kiasi cha asilimia 1 hivi kila mwaka, nasi hatuna namna ya kuzuia jambo hilo. Mtu aliyekula chumvi nyingi lakini akaishi zaidi kivulini huwa na ngozi nyembamba, kavu kidogo, yenye mistari midogo iliyotulia. Huo ni uzee wa staha. Uchakavu unaoletwa na jua na moshi una sura nyingine kabisa: makunyanzi mazito yaliyochimbika, ngozi iliyokakamaa kama wambo wa ngoma, madoa meusi na meupe yaliyochanganyika, midomo iliyopauka. Kwa maoni yetu hata neno uzee halistahili kutumika hapa. Haya ni majeraha madogomadogo yaliyorundikana kwa miaka mingi.

Jua la kwetu

Katika mwanga wa jua imo sehemu isiyoonekana kwa macho, nayo huitwa mionzi ya urujuanimno. Aina mbili za mionzi hiyo hutufikia ardhini. Ya kwanza ina mawimbi mafupi; nguvu yake huishia zaidi katika tabaka la juu la ngozi, huwa kali karibu na saa sita mchana, na ndiyo hasa inayounguza. Ya pili ina mawimbi marefu, nayo ni takriban asilimia 95 ya mionzi yote ya urujuanimno ifikayo ardhini. Hii haiunguzi kwa haraka, na kwa sababu hiyo hakuna anayeiogopa. Hupenya hadi kwenye fito na mpira wa tabaka la chini, huwapo tangu asubuhi hadi jioni, na hupita katika mawingu mepesi na katika kioo cha dirisha.

Mwaka 2012 jarida moja la kitabibu nchini Marekani lilichapisha picha ya mtu mwenye umri wa miaka 69 aliyekuwa dereva wa gari la mizigo kwa miaka 28. Kwa kuwa kule dereva huketi upande wa kushoto, shavu lake la kushoto ndilo lililokuwa upande wa dirisha siku zote. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa wa mtu wa umri wake. Upande wa kushoto ulikuwa na ngozi nene iliyokunjamana na kuning'inia, kana kwamba nusu ile ya uso ilikuwa ya baba yake. Hapa kwetu usukani uko kulia, hivyo madereva wetu wa malori na daladala watafute dalili hizo katika shavu la kulia na katika mkono ule wanaoegemeza dirishani.

Mionzi hiyo inapogonga seli za ngozi, seli huzalisha vimeng'enya vyenye kazi ya kukata kolajeni. Vimeng'enya hivyo si adui kwa asili yake. Mwili huvihitaji katika kusafisha kidonda na kujenga upya. Lakini jua huvichochea kupita kiasi, na ndani ya saa chache baada ya mtu kukaa juani kukata huanza. Baadaye mwili hukarabati palipokatwa, ila ukarabati wenyewe haulingani na ujenzi wa awali. Hubaki kovu dogo mno lisiloonekana. Kesho yake mtu hurudi shambani, likaongezeka kovu jingine juu ya lile la jana. Baada ya miaka 20 au 30 makovu hayo huonekana kwa pamoja, nasi huyaita makunyanzi. Elastini nayo hupatwa na jambo ambalo kila aliyekuwa mtoto wa kijijini analijua: mpira wa manati uliosahauliwa juu ya paa la bati hukakamaa, hupasuka na kupoteza mvuto. Ndani ya ngozi iliyopigwa jua muda mrefu, nyuzi za elastini hujikusanya katika mafundo yasiyo na faida, na ngozi huning'inia.

Mionzi huharibu pia vinasaba, yaani maandiko yaliyomo katika kiini cha kila seli yanayoielekeza jinsi ya kuishi na kugawanyika. Sehemu kubwa ya uharibifu huo husahihishwa na seli yenyewe. Kosa lisiloonwa hubaki, na makosa yakizidi seli huweza kuanza kugawanyika bila kizuizi. Huo ndio mwanzo wa saratani.

Sasa tuangalie mahali tulipo. Nchi yetu iko kati ya nyuzi 1 na nyuzi 12 kusini mwa ikweta, kwa hiyo hakuna majira ambayo jua hutuachia nafasi ya kupumzika kama ilivyo katika nchi za baridi. Wataalamu wa hali ya hewa hutumia kipimo cha ukali wa mionzi ambacho, kikifika 11 na kuendelea, huhesabiwa kuwa kali kupindukia. Katika ukanda wetu saa sita za mchana hupita kiwango hicho katika miezi mingi ya mwaka. Aidha, Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kila mita 1,000 za mwinuko huongeza mionzi kwa takriban asilimia 10. Upepo wa ziwa hutudanganya: ngozi haihisi joto, na mtu hudhani kwamba jua limepoa, ilhali joto na mionzi ni vitu viwili tofauti.

Tukizungumzia mialo yetu, watu huwafikiria kwanza wavuvi. Kwa kweli wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku. Wanaopigwa jua ni akina mama wanaoanika dagaa hao mchanani kuanzia asubuhi, wakiinama na kuwageuza hadi alasiri. Mchanga mkavu hurudisha juu kiasi cha asilimia 15 ya mionzi inayoupiga, hivyo mwanikaji hupigwa na jua la juu na jua la chini kwa wakati mmoja, na kanga aliyojitanda kichwani haimkingi na hilo la pili. Lipo pia kundi la vijana wa bodaboda, wapura mpunga, wachuuzi wa barabarani, na walimu wa michezo.

Ipo njia rahisi ya kupima ukali wa jua isiyohitaji chombo chochote. Tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko kimo chako, mionzi ni hafifu kiasi. Kikiwa kifupi kuliko wewe, mionzi ni mikali na yafaa utafute kivuli. Kwa kawaida kipindi hicho huanza kati ya saa tatu na saa nne asubuhi na kuendelea hadi karibu na saa kumi alasiri.

Sigara hufanya kazi kutoka ndani

Mwaka 1971 daktari mmoja wa California, Harry Daniell, alichapisha matokeo ya uchunguzi wa nyuso za watu zaidi ya 1,100, akilinganisha mikunjo ya pembeni mwa macho na mazoea yao ya kuvuta sigara. Aliona kwamba wavutaji wenye umri wa miaka 40 hadi 49 walikuwa na makunyanzi yanayolingana na ya watu wasiovuta waliowazidi miaka 20. Wapo waliodai kwamba huenda wavutaji walikuwa watu wa kushinda nje zaidi, lakini tofauti ilibaki hata jua lilipohesabiwa. Mwaka 2013 madaktari wengine wa Marekani walitumia njia ya kuondoa shaka zaidi. Walipiga picha jozi 79 za mapacha katika tamasha la mapacha linalofanyika kila mwaka mjini Twinsburg, Ohio, ambapo pacha mmoja alikuwa mvutaji na mwenzake sivyo, au mmoja alivuta kwa miaka isiyopungua 5 zaidi ya mwenzake. Waamuzi ambao hawakujua nani anavuta walitazama picha hizo, na mara nyingi walimwona mvutaji kuwa ndiye aliyezeeka zaidi: ngozi ya chini ya macho imevimba, mistari ya juu ya mdomo imechimbika, mashavu yamelegea. Hawa ni watu waliotoka tumbo moja, kwa wakati mmoja.

Nikotini huibana mishipa midogo ya damu iliyo ngozini. Moshi huleta pia gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hung'ang'ania hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni. Kwa hiyo damu inayofika ngozini huwa kidogo, na hiyo kidogo huwa imebeba oksijeni pungufu. Moshi huchochea vimeng'enya vilevile vinavyokata kolajeni ambavyo jua huvichochea, na hupunguza utengenezaji wa kolajeni mpya. Ni sawa na mtu anayeng'oa fito ukutani huku akimzuia fundi asilete nyingine. Vitamini C, ambayo mwili huihitaji katika kutengeneza kolajeni, nayo hutumika haraka zaidi kwa mvutaji. Ukiongeza kule kufumba macho kwa sababu ya moshi na kukunja midomo kila pumzi, mara nyingi kwa siku, utaelewa kwa nini uso wa mvutaji wa siku nyingi hutambulika hata kabla hajazungumza. Kwa watu weusi midomo na fizi nazo huzidi kuwa nyeusi.

Wavuvi wengi hueleza kwamba huvuta ili kupata joto usiku ziwani. Tunawaelewa, kwa kuwa baridi ya saa tisa usiku juu ya maji si ya mzaha. Hata hivyo kinachotendeka mwilini ni kinyume cha wanavyohisi: mishipa ya vidole hubanwa, damu hupungua, na vidole vya mvutaji hupoa zaidi baada ya sigara kuliko kabla yake.

Mtu anayevuta na kushinda juani hapati hasara mbili zilizojumlishwa tu. Tafiti zimeonyesha kwamba hasara hizo huzidishana. Katika mdomo wa chini, ambao hupigwa na jua moja kwa moja na kupokea moshi wa moto, hatari ya saratani ni dhahiri. Mvutaji anayehitaji upasuaji pia hukabiliwa na tatizo la kidonda kukawia kupona, na kwa sababu hiyo madaktari humwomba aache angalau wiki 4 kabla.

Habari njema ni kwamba mwili huanza kujirekebisha mapema. Ndani ya saa 12 baada ya sigara ya mwisho, kaboni monoksaidi katika damu hushuka hadi kiwango cha kawaida. Makunyanzi yaliyokwisha kuchimbika hayafutiki, lakini damu hurudi ngozini na uchakavu mpya hupungua mwendo. Sheria ya udhibiti wa bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18, na wenye maduka wanaouza sigara mojamoja kwa watoto waliotumwa dukani wanapaswa kuikumbuka. Mtoto anayejifunza kuwasha sigara ya baba hajifunzi kuwasha tu.

Mwavuli uliozaliwa nao

Weusi wa ngozi ni kinga. Rangi asili iitwayo melanini hutengenezwa na seli maalumu zilizo chini ya tabaka la juu, kisha husambazwa kwa seli jirani na kujipanga juu ya kiini cha kila seli mfano wa kofia, ili mionzi isivifikie vinasaba. Vipimo vimeonyesha kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi hutoa kinga ya kiasi cha 13 kwa kipimo kinachotumika kwa losheni za kuzuia jua, wakati la ngozi nyeupe hutoa kiasi cha 3. Ndiyo sababu makunyanzi ya jua hutuchelewesha, na uchakavu wetu huanza zaidi kwa madoa na rangi isiyo sawasawa. Kinga ya 13, hata hivyo, si ukuta. Mwanikaji dagaa wa miaka 30 kazini anaweza kutupa ushahidi.

Kwa hiyo inasikitisha kuona mtu akitumia fedha zake kuuchana mwavuli huo. Krimu za kujichubua na ule mchanganyiko uitwao mkorogo mara nyingi huwa na zebaki au haidrokwinoni, viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini mwetu. Huizuia ngozi kutengeneza melanini. Mwanzoni uso hung'aa; baadaye ngozi hukonda, hupata madoa ya bluu na weusi yasiyotoka, na jua huingia bila kizuizi. Zebaki huharibu pia figo. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na mwananchi anayekutana na bidhaa za aina hiyo sokoni anaweza kutoa taarifa kwa maafisa afya wa kata.

Wanaozaliwa bila mwavuli

Yote tuliyoeleza hadi hapa ni suala la miaka mingi. Kwa ndugu zetu wenye ualbino ni suala la miaka michache, na hapa ndipo tungependa msomaji atue.

Nchini Tanzania inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 1,400 huzaliwa na ualbino, kiwango kilicho juu mno kikilinganishwa na sehemu nyingi za dunia. Hali hii hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao kwa kawaida wote ni weusi na kila mmoja amebeba nusu ya urithi huo bila kujijua. Kila ujauzito wao una uwezekano wa mara moja kati ya nne wa kuleta mtoto mwenye ualbino. Haihusiani na laana, wala si kosa la mama. Mtoto huyu hana melanini ya kutosha katika ngozi, nywele na macho. Ule uchakavu wa jua ambao mkulima mweusi huuona akiwa na miaka 50, yeye huweza kuwa nao akiwa bado shule ya msingi: ngozi ya shingo imekunjamana, mabaka magumu yamejitokeza masikioni, midomo imepasuka. Wengi wa watu wenye ualbino waliofariki wakiwa vijana katika nchi hii waliuawa na saratani ya ngozi, hasa ya kichwa, uso na shingo, ambayo kwa sehemu kubwa ingeweza kuzuiwa.

Kinga yao huanza tangu kuzaliwa, nayo haihitaji mambo makubwa. Mama apewe ushauri siku ileile anapojifungua. Mtoto avalishwe mikono mirefu, na kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo. Shuleni aruhusiwe kuvaa kofia hiyo na sketi au suruali ndefu hata kama sare inasema vinginevyo. Apangiwe kazi za ndani wenzake wanapokwenda bustanini. Gwaride likirefuka, asimame kivulini. Kwa kuwa macho yake pia ni dhaifu, aketi mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali. Tunawaomba walimu wakuu wasisubiri barua kwa mambo haya.

Jambo lisilozungumzwa vya kutosha ni kazi. Kijana mwenye ualbino aliyekulia shambani akipata kazi ya chini ya paa, iwe ushonaji, duka, uwakala wa fedha au ofisi, huwa amepata kinga kubwa kuliko losheni yoyote. Katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 2 imetengwa kwa watu wenye ulemavu, nao wenye ualbino wamo. Maafisa maendeleo ya jamii wa kata ndio wa kuonwa kwa maelezo ya kuunda kikundi na kuomba.

Kuhusu losheni yenyewe, katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengenezwa losheni ya kuzuia jua iitwayo Kilisun, iliyoandaliwa mahususi kwa watu wenye ualbino wa mazingira yetu na kugawiwa kwao bila malipo. Mganga wa kituo kilicho karibu au afisa ustawi wa jamii ndiye wa kuulizwa namna ya kuorodheshwa kwa ajili ya huduma hiyo.

Kujikinga kwa kila mmoja

Nguo ni bora kuliko losheni, tena ni rahisi zaidi. Inua nguo yako mbele ya mwanga: kama unaona nje kupitia humo, jua nalo linakuona. Nguo iliyochakaa au iliyolowa hupitisha mionzi zaidi. Kapelo ya vijana wetu hufunika paji la uso na kuacha masikio na shingo. Kofia ya ukindu ya bibi ni kinga bora kuliko hiyo, ingawa tunajua kwamba kijana wa bodaboda hatakubali. Mwavuli usisubiri mvua. Turubai au makuti juu ya chanja la kuanikia dagaa, upande mmoja tu, humpa mwanikaji pa kukaa kati ya mzunguko mmoja na mwingine, na dagaa waliowekwa juu ya chanja huwa safi kuliko wa mchangani.

Anayenunua losheni atafute chupa iliyoandikwa herufi SPF na namba 30 au zaidi, na maelezo kwamba inakinga aina zote mbili za mionzi. Ipakwe kwa wingi kabla ya kutoka, na kurudiwa kila baada ya saa mbili, au baada ya kutoka jasho jingi. Uthibitisho wa faida yake ulipatikana Nambour, Australia, katika utafiti wa miaka 4 na nusu uliohusisha watu wazima 903: waliopaka kila siku walikuwa na uchakavu pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka wapendavyo. Mafuta ya mgando, ya nazi na ya alizeti hulainisha ngozi na tunayasifu kwa hilo, lakini hayazuii jua. Wala hatuwezi kumshauri mtu anunue krimu za bei kubwa zinazoahidi kurudisha ujana wakati bado anavuta pakiti moja kwa siku.

Wakati wa kufika kituoni

Fika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ukiona kidonda cha ngozi au cha mdomo kisichopona kwa wiki 4. Baka gumu lenye magamba ambalo hurudi kila linapobanduka. Uvimbe unaokua au kutoa damu ukiguswa kidogo. Au weupe usiofutika kwenye mdomo wa chini. Kidonda ndugu cha mguuni kilichokaa miaka, au kovu la moto lililofumuka upya, vikaguliwe pia, kwani saratani huweza kuota humo pasipo jua. Vivyo hivyo doa jeusi linalopanuka chini ya unyayo, kiganjani au chini ya ukucha, mahali ambapo watu weusi hupata aina moja ya saratani kali. Mwenye ualbino akaguliwe mwili mzima angalau mara moja kila miezi 6, hata kama hana anachokilalamikia.

Usikichome kidonda wala kukipaka dawa ya unga kabla hakijaonwa, kwa sababu huficha sura yake na kumpotezea mganga njia. Baka dogo linaweza kuondolewa kwa kugandishwa kwa baridi kali au kwa upasuaji mdogo, na mtu akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Panapohitajika, kituo kitakuandikia rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka huko hospitali ya mkoa au ya Kanda Bugando, Mwanza, ambako matibabu ya saratani hutolewa. Beba kadi yako ya bima kama unayo, pamoja na karatasi zote za matibabu ya awali. Na ukienda kumwona mganga kuhusu ngozi, mwambie ukweli kuhusu sigara na ugoro. Anauliza ili ajue dawa gani ikufae na kidonda kitachukua muda gani kupona.